Buibui Aliyesingiziwa Mkojo

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nane asubuhi. Naitaja dakika bila wasiwasi kwa sababu nilikuwa na saa tatu za wateja mezani, nimezileta nyumbani kuzipima kama zinakwenda mbele au zinabaki nyuma, na mbili kati yake zilikubaliana. Ya tatu ilikuwa nyuma kwa dakika nne. Hiyo ilikuwa bado mgonjwa. Nilikuwa nikizitia ufunguo wakati mama wa chumba cha tatu alipoita.

"Fundi! Kuja uone! Kuja uone vile amefanya mtoto!"

Kuta za udongo zilizogawanya vyumba vyetu hazikufika kwenye mabati, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kupaza sauti sana ili asikike. Nilitoka na lenzi yangu ikining'inia shingoni. Mama alikuwa amemsimamisha mwanawe wa miaka mitatu kitandani, shati limevuliwa. Kutoka chini ya sikio hadi begani palikuwa na mstari mwekundu, kana kwamba mtu amempitishia waya wa moto, na juu ya mstari huo vilikuwa vimeanza kutokea vilengelenge vidogo vya rangi ya maziwa. Mtoto hakuwa akilia. Alikuwa akijikuna na kutushangaa.

"Nani amemfanya hivi?" niliuliza.

"Si huyo!"

Alinyoosha kidole ukutani. Ukuta ulikuwa umebandikwa magazeti kuzuia vumbi la udongo, na juu ya tangazo la sabuni alisimama buibui wa kijivu, mfupi kidogo kuliko punje ya mahindi, mwenye mstari mweusi katikati ya mgongo. Mama alivua slipa. Kabla hajaishusha, buibui aligeuka mzima mzima kuuelekea mkono ulioinuka, akautazama, kisha akaruka umbali ambao sikuutegemea kwa kiumbe wa ukubwa ule, akatua kwenye nguzo ya pembeni ya ukuta na kuingia katika ufa.

"Umeona?" mama alisema. "Anaruka! Anakojolea mtoto halafu anaruka kwenda zake!"

Huenda msomaji wa leo akacheka. Wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya sabini, sikumjua mtu yeyote Kibera ambaye hakuamini kwamba buibui huwakojolea watu usingizini. Ukiamka na malengelenge shingoni au kando ya mdomo, umekojolewa na buibui, na hakuna haja ya kuuliza zaidi. Mimi mwenyewe nililisikia jambo hilo kwa mama yangu kabla sijajua kusoma. Sikuwahi kulipinga, na sikuwahi kulichunguza.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kambi Muru, kijiji kimoja cha Kibera. Ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande, na korido katikati. Chumba cha mbele alikaa mwenye nyumba, mjane Mnubi ambaye wapangaji wote tulimwita habuba, kama Wanubi wanavyowaita nyanya zao. Babu yake alikuwa askari kutoka Sudan. Askari wale wa Kisudani walipewa na Waingereza ardhi ya kukaa lakini hawakupewa hati, kwa hiyo habuba alikuwa na nyumba isiyo na karatasi. Benki isingempa mkopo kwa nyumba hiyo. Aliishi kwa kodi ya vile vyumba vitano, pamoja na vifuniko vya chakula vya ukindu wa rangi alivyosuka kibarazani mchana kutwa, ambavyo havikununuliwa sana isipokuwa karibu na Idi. Vyumba vikikaa bure, yeye halili. Hilo sote tulilijua.

Jioni ile wapangaji walikusanyika koridoni. Msemaji alikuwa kijana wa chumba cha tano, mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha mablanketi, mtu mcheshi aliyependa kusikilizwa.

"Habuba, hii maneno ni rahisi," alisema. "Kuna mzee hapo Silanga ako na pampu. Anapuliza ile dawa ya kuogesha ng'ombe, ya kupe. Siku moja tu, hata panya inahama."

"Na mimi nitahamia wapi?"

"Wewe si kupe, habuba."

Watu walicheka. Habuba pia alicheka, lakini alipomaliza alifunga mtandio wake upya na kusema bila haraka: "Wallahi mimi simuui buibui. Buibui alimsitiri Mtume pangoni. Maadui walifika mlangoni wakaona utando, wakasema hapa hajaingia mtu. Sasa mimi ndiye nimpulizie sumu ya ng'ombe?"

"Huyo wa pangoni alikuwa wa Mtume," mama wa chumba cha tatu alijibu. "Huyu wangu anakojolea mtoto. Habuba, nakuheshimu, lakini mtoto ni wangu. Kama mwisho wa mwezi hakujapulizwa, mimi natoka."

Mama wa chumba cha pili alisema naye atatoka. Kijana wa chumba cha tano alisema hatatoka peke yake, lakini wengine wakitoka naye ataona. Hivyo vilikuwa vyumba vitatu kati ya vitano.

Asubuhi iliyofuata habuba alinisimamisha nikielekea kazini. Kibanda changu cha kutengeneza saa kilikuwa Kawangware, karibu na soko, nami nilikwenda kwa miguu kila siku.

"Fundi," alisema, "wewe kazi yako ni kuangalia vitu vidogo. Hebu niangalie huyu mtu."

"Mtu gani?"

"Huyu wa ukutani. Kama ni yeye kweli, niambie, na mimi nitajua la kumwambia Mungu. Kama si yeye, niambie pia. Lakini usinidanganye ili nifurahi."

Nilikubali. Nilikuwa nimeacha shule baada ya darasa la nne, na mengi niliyoyajua niliyapata katika vitabu vya mitumba vilivyouzwa kando ya barabara mjini, vingine vikiwa havina mwanzo wala mwisho. Sikuwa na kitabu cha buibui. Nilichokuwa nacho ni lenzi ya fundi saa, ile inayobanwa kwenye tundu la jicho, na mazoea ya kutosema jambo kabla sijaliona mara mbili.

Nilijaribu kumkamata mmoja kwa vidole, nikashindwa. Nilimwendea kwa nyuma, akageuka. Nilimwendea kwa upande, akaruka. Mwishowe nilimfunika kwa glasi nikapitisha kadi chini yake, nikamtia katika chupa ya jemu na kwenda naye Kawangware.

Watu husema buibui ana macho manane kana kwamba macho yote manane ni sawa. Si sawa hata kidogo. Buibui huyu alikuwa na macho manne mbele, mawili ya katikati makubwa, meusi, yamekaa bega kwa bega kama taa za lori, na moja dogo kila upande. Nyuma yake, juu ya kichwa, palikuwa na mengine mawili madogo mno ambayo niliyaona baada ya kumgeuza kwenye mwanga, na nyuma zaidi mawili ya mwisho yaliyotazama pembeni na nyuma. Ndiyo maana slipa haikumpata. Nilipopeleka ncha ya kibano upande wowote wa chupa, aliigeukia kwanza, kisha akainua mwili wa mbele kuitazama kwa yale macho makubwa, kama mteja anayekagua saa ambayo hana hakika kama ni yake.

Mwili wake ulikuwa bapa, na bila shaka hiyo ndiyo siri ya kuingia kwenye nyufa. Alifunikwa na vinyweleo vifupi vya kijivu, na chini ya macho, kila ubavu wa kichwa, vinyweleo vyeupe vilifanya mkanda. Katikati ya tumbo ulipita mstari mweusi, na pande zote mbili za mstari huo palikuwa na weupe. Miguu ya mbele ilikuwa na rangi iliyoiva kuliko ile mingine. Hakutega utando wa kunasia. Alichokuwa nacho ni uzi mmoja aliougandisha kabla ya kila kuruka, kama mpaka rangi wa maghorofa anavyojifunga kamba kiunoni.

Nilikamata wengine. Wengi hawakuwa na mstari wa katikati. Walikuwa wamepauka, mgongo wa kijivu unaokaribia kahawia, na mstari wa giza kila ubavu wa tumbo, mistari hiyo miwili ikikutana nyuma kabisa. Nikahitimisha kwamba nyumba ina buibui wa aina mbili, nikamwambia habuba hivyo, na wapangaji wakasikia. Kijana wa chumba cha tano aliona hapo pana mapatano: wauawe wa mstari mweusi, kwa kuwa ndiye aliyeonekana ukutani karibu na mtoto, na waachwe wa kijivu.

"Hata huyo simuui," habuba alisema.

Siku chache baadaye nilikuwa nimekaa kibandani sina mteja. Kibanda changu kilikuwa cha mbao, kimeegemea ukuta wa mawe wa duka, na jua la asubuhi lilipiga ukuta huo kwanza. Buibui wa aina zote mbili walikuwapo pale pia. Mmoja wa mstari mweusi alimwendea mmoja wa kijivu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona: hakwenda moja kwa moja, alikwenda kulia, akasimama, akaenda kushoto, akasimama, miguu ya mbele ameiinua na kuitanua, tumbo likitikisika. Yule wa kijivu aligeuka akamtazama. Nilitegemea vita. Badala yake, baada ya muda mrefu wa kwenda na kusimama, yule mwenye mstari alimpanda mwenzake mgongoni, na yaliyofuata hayakuhitaji lenzi.

Jioni ile nilitengua maneno yangu mbele ya watu wote.

"Kwa hivyo yule wa mstari ni bwana," kijana alisema, "na huyu wa kijivu ni bibi?"

"Ndiyo."

"Basi ni kama sisi tu. Kitu ikiharibika nyumbani, ni bwana anasingiziwa."

"Wewe huna hata bibi," mama wa chumba cha pili alimwambia. "Nyamaza."

Miaka mingi baadaye nilinunua kitabu kisicho na jalada, na ndani yake nilimkuta, dume na jike, pamoja na jina ambalo wataalamu humwita duniani kote: Menemerus bivittatus. Kitabu kilisema anapatikana katika nchi nyingi za joto na anapenda kuta za nyumba za watu. Neno la pili la jina maana yake ni mwenye tepe mbili. Kwa jike nakubaliana nalo. Dume ningemwita vingine.

Nilimwendea habuba kibarazani nikamweleza niliyoyaona, moja baada ya jingine, yeye akiendelea kusuka. Nilipofika kwenye utando nilisita, kisha nikasema, kwa kuwa alinitaka nisimdanganye, kwamba buibui huyu hategi utando wa kunasia, na kwamba asingeweza kuziba mlango wa pango.



"Basi huyu ni binamu yake," alisema. "Mtu akikutendea wema, utamfukuza binamu yake nyumbani kwako kwa sababu siku ile hakuwepo?"

Nilikubali kwamba singemfukuza.

"Na anakojoa?" aliuliza.

Nilimwambia kwamba ndani ya chupa nimeona madoa meupe kama ya chokaa, na bila shaka hicho ndicho choo chake. Kama kinaunguza au hakiunguzi, sijui. Nitajua.

Nilifanya hivi. Nilisugua madoa yale kwa pamba yenye maji nikaipaka sehemu ya ndani ya mkono wangu wa kulia. Kwenye mkono wa kushoto nilimweka buibui hai chini ya kioo cha saa kubwa ya mfukoni, nikakifunga kwa kitambaa pembeni asitoke, nikafanya kazi naye tangu asubuhi hadi alasiri. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua saa yake aliuinamia mkono wangu.

"Fundi, hiyo ni saa ya wapi?"

"Ya hapa hapa."

"Inaenda?"

"Ikitaka."

Alitikisa kichwa, akalipa, akaondoka. Nilisubiri siku nne. Ngozi ya mikono yote miwili ilibaki kama ilivyokuwa. Nilimwambia habuba, naye aliwaambia wapangaji, lakini mama wa chumba cha tatu alisema ngozi ya fundi wa saa ni ngumu kwa mafuta ya mashine na haiwezi kulinganishwa na ya mtoto. Hilo halikuwa jambo la kijinga. Sikulipinga.

Mwezi ulikuwa ukielekea mwisho. Habuba hakutaka kupuliza sumu na hakutaka kupoteza watu, akatafuta njia ya katikati. Alinunua taa ya karabai iliyokwisha kutumika, akaitundika koridoni, akaagiza iwake tangu magharibi hadi alfajiri. Hoja yake ilikuwa kwamba buibui hutenda mambo yake gizani, na mwenye mwanga humwona anapokuja. Wapangaji walifurahi. Nyumba za jirani zilikuwa na koroboi zinazotoa moshi, na yetu iling'aa kama hoteli. Waliacha milango wazi ili mwanga uingie vyumbani. Mimi pia niliacha wangu wazi, nikasoma bila kuchoma mafuta yangu.

Mvua zilikuwa zimenyesha sana mwaka ule, na majani yalikuwa yameota hadi kwenye misingi ya nyumba. Haikupita wiki moja mama wa chumba cha pili aliamka na malengelenge kwenye kiwiko, doa moja juu na jingine chini, yanayolingana kabisa akikunja mkono. Kisha kijana wa chumba cha tano akavimba kope la kushoto hadi jicho likaziba, ikabidi aende kliniki. Kisha yule mtoto akaungua tena, safari hii shavuni, karibu na jicho.

Mama yake hakungoja mwisho wa mwezi. Alipakia kitanda, jiko na masanduku kwenye mkokoteni, akampakata mtoto na kusimama mbele ya habuba.

"Taa umeweka, na bado," alisema. "Wewe unapenda buibui kuliko watu. Kaa nao basi, wakulipe kodi."

 Mkokoteni uliondoka kuelekea Kawangware, kwa kuwa mama yule alikuwa amepata chumba Kabiro, kule kule Kawangware. Wapangaji wawili waliobaki wenye malalamiko walisema habuba ana wiki moja. Mzee wa Silanga mwenye pampu alipita siku ile ile kuulizia kama kazi iko tayari.

Jioni ile, karabai ikiwa imewashwa muda si mrefu, nilimwita kijana wa chumba cha tano chumbani kwangu. Nilikuwa nimegundua kwamba jua likizama buibui wale hujifungia ndani ya kifuko bapa cheupe cha uzi, kama bahasha ndogo, na hawatoki hadi ukuta upate joto. Nilibandua pembe ya gazeti ukutani nikamwonyesha kifuko kimoja na aliyekuwamo.

"Tazama. Analala saa hii. Mchana ndio kazi yake."

"Fundi, mimi naona na jicho moja," alisema, "lakini hata hiyo moja inaona huyu ni buibui."

"Alilala tangu jua lilipozama."

"Na mimi nilikuwa nimelala! Nani alinifanya hivi, kama yeye amelala na mimi nimelala?"

Swali lilikuwa zuri. Nilimuuliza kule kliniki walimwambia nini.

"Sista alinipa dawa ya kupaka. Halafu akauliza kama tunalala na taa. Nikamwambia sisi si watu wa koroboi, tuko na karabai usiku wote."

"Akasema nini?"

"Akasema tuzime."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nilidhani anataka tuokoe mafuta," alisema. "Tena alisema kitu ya mdudu kusagwa, lakini watu walikuwa wengi kwa laini nyuma yangu."

Asubuhi nilifagia chini ya karabai kabla habuba hajaamka, nikamwaga uchafu wote juu ya karatasi nyeupe. Walikuwamo nondo, kumbikumbi, mbu, na wadudu wembamba kama sisimizi aliyenyooshwa: kichwa cheusi, kifua cha rangi ya machungwa, kisha kipande kifupi cha buluu iliyoiva inayong'aa, tumbo jekundu na ncha nyeusi. Waliokuwa hai walikimbia wakiwa wameinua mkia. Nilimtambua mara moja. Ni yule ambaye mjini kote huitwa mdudu wa Nairobi. Sote tulimjua na hakuna aliyemshuku, kwa sababu yeye haruki ukutani kama buibui na hamtazami mtu.

Nilimtia mmoja kwenye chupa pamoja na buibui. Buibui alimnyatia kama anavyomnyatia nzi, tumbo limelala chini, akamgusa, kisha akarudi nyuma upesi na kusugua midomo yake kwenye kioo. Hakumwendea tena. Kwa hiyo siwezi kusema, kama wengine walivyopenda kusema baadaye, kwamba buibui wetu walitulinda na mdudu yule. Walikula nzi na mbu. Huyu walimwacha.

Kisha nilimponda mmoja kwenye mkono wangu wa kulia na kumburuta kidogo, kama mtu anavyomfuta mdudu shingoni usingizini. Jioni hapakuwa na kitu. Kesho yake asubuhi palikuwa pekundu, na siku ya pili malengelenge yakatoka katika mstari ule ule, yakiwa na rangi ile ile ya maziwa. Hapo nilielewa jinsi tulivyokosea. Mdudu anafuata taa, iwe koroboi au karabai, na mtu anamponda usingizini kwa mkono wake mwenyewe, hajui. Anaungua siku moja au mbili baadaye. Asubuhi anapoamka na kidonda, mdudu ameshafagiliwa, na aliyebaki ukutani, ameamka na jua, anamtazama, ni buibui.

Niliwaonyesha wapangaji mkono. Niliwaonyesha pia mdudu na mahali nilipomtoa. Habuba aliuangalia mkono muda mrefu zaidi ya wote, kisha akakivuta kigoda, akapanda mwenyewe na kuitungua karabai.

"Habuba, kumbe ulitununulia ugonjwa," kijana alisema.

"Mimi nilinunua taa. Wadudu mliwaalika nyinyi na milango yenu wazi."

"Na buibui je?" mama wa chumba cha pili aliuliza. "Tumwombe msamaha?"

"Mwombe mwenyewe. Mimi sikumtukana."

Wote wawili walibaki. Mzee wa pampu alirudishwa kwa maneno mazuri na kikombe cha chai.

Mama aliyehama alinijia kibandani kama wiki mbili baadaye. Mtoto alikuwa na kitambaa shingoni.

"Fundi, amenifuata," alisema.

"Umemwona?"

"Sijamwona. Hapo ukuta umepakwa chokaa juzi, hakuna hata mmoja. Lakini mtoto ndiye huyu."

Nilimuuliza kuhusu taa. Alisema hana taa zaidi ya koroboi, lakini duka la mwenye ploti lina stima, balbu inawaka nje usiku wote, na dirisha lake liko mkabala nayo. Nilimweleza kila kitu, nikamwonyesha kovu la mkono wangu na mdudu niliyekuwa nimemhifadhi katika kisanduku cha vipuri. Alimtazama kwa lenzi, akaguna. Jioni ile alitundika gunia dirishani, na kila nilipokutana naye baada ya hapo mtoto alikuwa mzima.

Siku ile, kabla hajaondoka, nilimwambia chumba chake bado kiko wazi.

"Nimeshalipa hapa," alisema. Kisha akasema tena: "Na nirudi nimwambie nini? Nilimtukana mbele ya watu wote."

"Yeye hajasema kwamba ulimtukana."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Hakurudi. Chumba kilikaa bure kwa sababu habari ilikuwa imeenea Kambi Muru nzima kwamba kwa habuba kuna buibui wanaochoma, na habari ya pili, ile ya kweli, haikutembea kwa kasi ya kwanza. Watu walikuja kukitazama. Wakimuuliza habuba kama ni kweli ana buibui, alijibu, "Wapo, lakini hawakojoi," nao walishukuru na kwenda zao. Nilimshauri angalau aanze na lile neno la pili. Alisema mtu akiuliza wapo, hujibiwa wapo.

Mwishowe fundi cherehani mmoja alikichukua. Chumba kilikuwa kimekosa kodi ya miezi miwili, shilingi sitini kila mwezi. Karabai habuba aliinunua kwa shilingi themanini, akamuuzia mwenye hoteli ya chai kwa hamsini na tano, na mafuta yaliyoteketea koridoni yalikuwa ya shilingi kumi na tano. Aliniomba nimjumlishie, nikajumlisha mara mbili. Yote kwa yote habuba alipoteza shilingi mia moja na sitini.